Mwongozo kamili: kuishabikia klabu ya Uingereza ukiwa mbali, na kudumu zaidi ya msimu mmoja

Kila Agosti swali ni lilelile: nimechagua timu ya EPL (Ligi Kuu ya Uingereza), nianzie wapi? Ikifika Desemba aliyeuliza anajua matokeo tu, mechi haangalii. Mei inapoisha anauliza tena, safari hii kwa jina la timu nyingine.

Wengi hukwama kwa sababu mbili. Wanaanza na jezi kabla ya ratiba, na wanachagua mchezaji wakidhani wamechagua klabu. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba matundu hayo mawili kwanza. Mfano wangu mara nyingi utakuwa Aston Villa, kwa kuwa Watanzania tuna kisa nayo. Si lazima uishabikie.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Njia moja halali ya kuona mechi. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara, EPL huonyeshwa na SuperSport kupitia DStv. Kabla ya kulipia, hakikisha kifurushi chako kina ligi yote. Vifurushi vya chini huwa na baadhi tu ya mechi.
- Simu yenye bando, pamoja na programu rasmi ya klabu. Kuipakua ni bure.
- Kalenda ya simu iliyowekwa saa za unakoishi.
- Saa mbili kila wiki ambazo watu wa nyumbani wanajua hupatikani. Lizungumzeni mapema, si dakika tano kabla ya mpira kuanza.
- Mtu mmoja wa kubishana naye.

Jezi, kadi ya uanachama na akaunti ya kubeti hazimo. Mbili za kwanza zina hatua yake huko mbele.

## Hatua ya 1: Chagua klabu, usichague mchezaji

Januari 2020 Mbwana Samatta alisajiliwa Aston Villa akitokea Genk, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kurasa za Villa mitandaoni zikajaa Kiswahili. Februari akafunga dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi akafunga Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Villa wakilala 2-1 kwa Manchester City. Septemba akaenda Fenerbahçe kwa mkopo, na Kiswahili kikafungasha naye.

Wiki mbili hazijaisha, Villa wakaipiga Liverpool 7-2. Msimu wa 2023/24 wakamaliza nafasi ya nne, na Oktoba 2024 wakaifunga Bayern Munich 1-0 pale Villa Park kwenye Ligi ya Mabingwa. Walioondoka walizisoma habari hizo kama za timu ya watu.

Mchezaji kukuleta kwenye klabu si kosa. Wakenya wengi walianza kuifuatilia Southampton, kisha Tottenham, kwa ajili ya Victor Wanyama. Ila kabla hajauzwa, uwe umeshapata sababu ya pili ya kubaki.

Sababu yenye nguvu kuliko zote ni mtu. Kama baba, shangazi au fundi wako wa pikipiki ni Arsenal wa miaka mingi, una bahati: utarithi na mtu wa kutazama naye. Inayofuata ni mji. Una ndugu Leicester au Birmingham? Klabu ya mji ule itakupa mazungumzo ya simu yasiyoishia kwenye kutumiana pesa.

Kama huna mtu wala mji, fanya hivi. Chagua klabu tatu. Tazama mechi tatu kamili za kila moja, bila kuangalia msimamo wa ligi. Klabu ambayo ikifungwa unakasirika, badala ya kushika rimoti ubadilishe chaneli, ndiyo yako.

Onyo: usichague kwa kombe. Leicester walikuwa mabingwa 2016, wakashuka daraja 2023, wakapanda 2024, wakashuka tena 2025. Aliyeingia kwa sababu ya kombe hakuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Onyo la pili: usichukue mbili "kwa akiba". Hakuna aliye Simba mchana na Yanga usiku, na watu wa Liverpool na Everton watakuona hivyohivyo. Ukishachagua, funga mlango kwa misimu miwili. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa.

Neno kuhusu klabu ndogo, maana huulizwa sana. Klabu ndogo iliyo ndani ya EPL utaiona bila shida. Tatizo linaanza madaraja ya chini: Championship, League One na League Two zina klabu 72 kwa pamoja, na mechi chache tu kati ya hizo hufika kwenye televisheni zetu. Huko utategemea matangazo ya sauti au ya video yanayotolewa na klabu yenyewe. Inawezekana, na wapo wanaoipenda kazi hiyo, ila simshauri anayeanza.

## Hatua ya 2: Hamishia ratiba kwenye saa za kwenu

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, na wala hawajui kuwa ndipo.

Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Kwa hiyo mechi ya saa ileile kwao inabadilika kwetu mara mbili ndani ya msimu mmoja. Novemba unawasha televisheni saa 11 jioni, unakuta watu wanachambua, unadhani mechi imeahirishwa.

Kwa saa za Tanzania, Kenya na Uganda, saa zinazotangulia ni za Agosti hadi mwisho wa Oktoba (na Aprili hadi Mei), zinazofuata neno "baridi" ni za majira ya baridi:

- Jumamosi ya mapema: saa 8:30 mchana, baridi saa 9:30 alasiri.
- Jumamosi yenyewe: saa 11 jioni; baridi saa 12 jioni.
- Jumamosi ya mwisho: saa 1:30 usiku, baridi saa 2:30 usiku.
- Jumapili: saa 10 na saa 12:30 jioni, baridi saa 11 jioni na saa 1:30 usiku.
- Katikati ya wiki, mechi za saa 2 usiku kwao: saa 4 usiku, baridi saa 5 usiku.

Ukiwa Rwanda, Burundi au mashariki mwa Kongo, punguza saa moja. Ukiwa Oman, ongeza moja.

Sasa fanya kazi yenyewe. Ratiba ya msimu hutoka Juni, na mwanzoni karibu mechi zote huandikwa Jumamosi saa 9 alasiri ya kwao. Usiiamini. Baadaye kampuni za televisheni huchagua zinazozitaka na kuzihamishia Ijumaa, Jumapili au Jumatatu. Ukinakili ratiba ya Juni kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kufikia Septemba itakuwa pambo. Tafuta kwenye tovuti ya klabu kalenda ya kuunganisha na simu; klabu nyingi zinayo. Ikibadilika huko, inabadilika na kwako.

Mechi za katikati ya wiki ndizo zinazovunja watu. Inayoanza saa 5 usiku inakwisha saa 7 kasoro dakika chache, na daladala halisubiri mtu aliyekesha. Ushauri wangu: mwanzoni mwa mwezi amua utakesha zipi na utaziacha zipi. Unazoziacha, zima taarifa za simu, ukitoka kazini tazama marudio yote bila kujua matokeo. Anayejitia ushujaa wa kukesha zote huacha zote kufikia Februari.

Jambo moja la kufurahisha: Uingereza yenyewe hairuhusu mechi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni Jumamosi, ili watu waende viwanjani. Kwa hiyo kuna Jumamosi wewe uliye Mbagala unaiona Villa, na mkazi wa Birmingham asiye na tiketi anaisikiliza redioni.

Utajua umefaulu hatua hii siku Jumapili ya mwisho ya Machi itakapopita bila wewe kukosa kipindi cha kwanza.

## Hatua ya 3: Tafuta pa kutazamia

Nyumbani ni pazuri kwa kujifunza. Kibanda umiza ni kizuri kwa kelele, ila mwenye kibanda anafuata wateja: Brentford ikicheza muda mmoja na Manchester United, unajua skrini itaonyesha nini. Ukishabikia klabu isiyo ya wengi, ongea naye siku moja kabla. Kama ana skrini mbili na umemletea wateja watatu, mtaelewana.

Jihadhari na viungo vya matangazo ya wizi. Mbali na sheria, vinajaza simu takataka, vinakuomba nywila, na vinachelewa kiasi kwamba jirani anashangilia bao ambalo kwako bado ni kona.

Na kubeti. Nitasema wazi: ukiweka mkeka kwenye mechi ya timu yako, si shabiki tena kwa dakika hizo 90, ni mdai. Utalaani beki wako kwa kuzuia bao ambalo mkeka uliliomba. Kama huwezi kuacha, beti ligi nyingine.

Mchezo wa Fantasy ni afadhali kwa sababu ni bure. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Utakufundisha majina ya ligi nzima haraka kuliko mwongozo wowote. Weka sheria moja tu: usimpe unahodha mshambuliaji anayecheza dhidi ya klabu yako wiki hiyo.

## Hatua ya 4: Mechi kumi za kwanza

Tazama nzima. Vipande vya mabao vya dakika mbili havitakufanya shabiki, kwa sababu vinaondoa kile hasa unachotakiwa kukizoea: dakika 70 ambazo hakuna kinachotokea.

Mechi tatu za kwanza, jifunze majina 11 na namba zao. Tumia orodha ya kikosi, hutolewa kabla ya mechi kuanza, kisha ifiche na ujaribu kumtaja kila anayegusa mpira.

Kuanzia ya nne, chagua mchezaji mmoja na umfuate yeye, hata mpira ukiwa mbali. Anza na kiungo mkabaji. Angalia anasimama wapi timu inaposhambulia, nani anaziba nafasi beki wa pembeni akipanda, anafanya nini baada ya kupoteza mpira. Mechi inayofuata chukua beki wa kushoto. Kufikia ya nane utaanza kuona makosa kabla ya mtangazaji kuyasema.

Katikati ya wiki, soma. Kila mji una gazeti linaloifuata klabu yake kila siku: Birmingham Mail kwa Villa, Liverpool Echo kwa Liverpool na Everton, Manchester Evening News kwa timu mbili za mji huo. Humo utapata majeruhi, kocha alisema nini, kijana gani wa akademi anapanda. Kama Kiingereza kinakusumbua, soma mechi uliyoiona mwenyewe kwanza, maneno yatajieleza.

Achana na tetesi za usajili. Dirisha hufunguliwa mara mbili, kiangazi na Januari, na katikati yake kila akaunti yenye kiu ya wafuasi humpeleka kila mchezaji kila klabu. Amini tangazo la klabu lenye picha ya mtu ameshika jezi.

Umefika unapotakiwa ikiwa kocha akifanya mabadiliko dakika ya 65 una maoni, na maoni hayo yana sababu.

## Hatua ya 5: Jifunze utani, na mipaka yake

Utani wa jadi tunaujua, hakuna wa kutufundisha. Lakini kuna mambo ambayo huku hurushwa kama masihara na kule ni msiba.

Hillsborough, 1989: mashabiki wa Liverpool walibanwa jukwaani, na waliofariki kutokana na tukio hilo ni 97. Munich, 1958: ndege iliyokuwa imebeba Manchester United ilianguka, wakafa 23. Bradford, 1985: jukwaa liliungua, wakafa 56. Ukiona mtu anaweka alama ya ndege chini ya picha ya United, au anataja Hillsborough kuwacheka Liverpool, usicheke wala usisambaze. Uwanjani Uingereza mtu hukamatwa na kufungiwa kuingia viwanjani kwa nyimbo za namna hiyo.

Ubaguzi wa rangi sihitaji kueleza, ila nataja kwa sababu baadhi ya matusi wanayotupiwa wachezaji Waafrika yanatoka kwenye akaunti za huku huku kwetu.

Mengine yote, ruksa. Kocha wao, nywele za winga wao, kombe walilokosa: taniana mpaka usiku.

## Hatua ya 6: Tafuta tawi

Kwenye tovuti ya klabu kuna orodha ya matawi yanayotambuliwa duniani. Ukilikuta la mji wako, wasiliana nalo kupitia mawasiliano yaliyoandikwa hapo, si kupitia namba uliyoipata kwenye maoni ya Facebook. Kama halipo, watu watano na kundi la WhatsApp wanatosha kuanza. Kutambuliwa rasmi kutafuata. Kila klabu ina idadi yake ya chini na fomu zake.

Tahadhari kubwa hapa ni fedha. Uanachama wa klabu hununuliwa kwenye tovuti ya klabu, kwa kadi, kwa jina lako. Mtu anayekusanya "ada ya uanachama wa Uingereza" kwa M-Pesa anakusanya yake. Michango ya tawi, kama ya ukumbi au ya rambirambi, iwe na mweka hazina na iandikwe kundini kila mtu aione.

## Hatua ya 7: Sasa jezi

Umeshafika mechi kumi, nunua. Jezi halisi ya klabu kubwa ni pauni 80 hivi kabla ya usafiri na ushuru, na kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya chumba. Hakuna aibu kuvaa ya mtaani, mradi usilipe bei ya halisi. Angalia mishono ya nembo na lebo ya ndani kabla ya kutoa pesa.

Dokezo kwa wenye subira: mitumba ya Karume au Gikomba. Jezi za Uingereza za miaka iliyopita hupatikana humo, nyingine halisi kabisa, zenye jina la mchezaji ambaye hata mwenye meza hamjui.

Uanachama wa kulipia una maana moja kubwa: haki ya kuomba kununua tiketi. Huna mpango wa kusafiri? Hifadhi hela yako.

## Hatua ya 8: Siku utakapokwenda

Panga kwa mfuatano huu, usiuruke. Lipia uanachama kwanza. Subiri tarehe ya mechi ithibitishwe baada ya televisheni kuchagua. Omba tiketi. Viza ya mgeni huombwa mapema zaidi miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya maombi kukamilika, kwa hiyo usikate ndege isiyorudishiwa pesa kabla ya hapo. Acha siku mbili kila upande wa mechi.

Usinunue tiketi kwa mlanguzi. England na Wales, kuuza tiketi za mpira bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1994, na klabu ikigundua hutapita getini.

Ukikaa upande wa wenyeji, usivae wala kushangilia za wageni, wahudumu watakutoa. Bia hainywewi ukiwa unauona uwanja, ndiyo maana wanakunywa kwa haraka mapumziko. Kwa Villa, treni kutoka Birmingham New Street hushusha Witton au Aston, kisha ni mguu.

Tiketi ikishindikana, usirudi nyumbani bila mpira. Siku hiyohiyo, timu ya League Two iliyo karibu mara nyingi huuza tiketi hadi siku ya mechi, na utakaa karibu na uwanja kiasi cha kusikia kipa anavyowagombeza mabeki wake.

## Ikishuka daraja

Timu tatu hushuka EPL kila mwaka, na siku moja itakuwa yako. Mambo yanayobadilika ni haya. Mechi za ligi zinaongezeka kutoka 38 hadi 46, zikiwemo za Jumanne na Jumatano usiku. Televisheni itakuonyesha chache. Nusu ya kikosi ulichokariri kitauzwa kabla ya Agosti, kwa hiyo rudia hatua ya 4 kutoka mwanzo.

Kabla ya Julai kuisha, angalia kwenye tovuti ya klabu kama inauza matangazo ya video kwa walio nje ya Uingereza, na ulinganishe bei na kifurushi chako. Sauti pekee mara nyingi ni bure. Washa redio ya klabu, fungua msimamo, na uangalie nafasi mbili za juu: hao hupanda moja kwa moja. Wanaofuata chini yao hucheza mchujo, na fainali ya mchujo huo hupigwa Wembley mwezi Mei. Hiyo ikifika, omba ruhusa kazini mapema.